Deni la Montreal: Nguvu za Mwanariadha ni Mali ya Nani?

Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, mkoani Mara, tarehe 13 Februari 1953. Julai 1976, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Montreal, Kanada, alikuwa na miaka 23, umri ambao mkimbiaji huanza kula matunda ya mazoezi yake. Tanzania haikushiriki. Miaka minne baadaye, Moscow, Nyambui alishinda medali ya fedha katika mbio za mita 5,000. Kati ya michezo hiyo miwili limekaa swali la maadili ambalo wanaoandika historia ya riadha nchini wamekuwa wakilipita haraka: taifa lina haki gani juu ya miili na miaka ya watu wake wenye vipaji, hasa pale linapoitumia haki hiyo kutetea jambo jema?

Swali lingekuwa jepesi kama sababu ya kususia ingekuwa ya hovyo. Haikuwa hivyo. Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa Afrika Kusini waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Kabla mwezi huo haujaisha, timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwishatua Afrika Kusini kucheza na timu ya makaburu. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo halikuwa mikononi mwake. Kisheria jibu hilo lilikuwa na mashiko. Kwa nchi ambazo zingetakiwa kupita uwanjani bega kwa bega na ujumbe wa New Zealand, mwezi mmoja baada ya watoto kuzikwa, halikutosha. Zaidi ya nchi 20 zilijitoa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza mapema.

Kwa Tanzania uamuzi huo ulilingana na mambo mengine iliyokuwa ikiyafanya. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Vijana waliokimbia baada ya Soweto walipokelewa nchini, na chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kikapewa ardhi Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, ambako kilijenga shule. Nchi maskini ilikuwa ikigawa ardhi yake, chakula chake na usalama wa mipaka yake kwa ajili ya uhuru wa wengine. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa uleule wa Mara alikotoka Nyambui, alishikilia kwamba uhuru wa Tanzania ulikuwa na kasoro maadamu Mwafrika mwingine alibaki kutawaliwa kwa sababu ya rangi yake. Nchi yenye msimamo huo ingeshindwa kujieleza kama ingetoa ardhi na kukataa kutoa mbio.

Lakini ardhi na mbio hutofautiana kwa jambo moja kubwa. Ardhi iliyotolewa Mazimbu ilikuwa ya umma, nayo ingeweza kurudi. Mwaka wa mkimbiaji ni wa mtu mmoja na haurudi.

Ili kuelewa kilichotolewa, yafaa kurudi Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alichomoka tangu mlio wa bastola na hakusubiri mtu. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kuviziana: wakimbiaji hujibana katika kundi, kila mmoja akimwachia mwenzake kukata upepo, hadi mzunguko wa mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Alipita mita 800 kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, peke yake mbele, na waliokuwa nyuma wakawa wanajiuliza kama huyu atapasuka au la. Hakupasuka. John Walker wa New Zealand alimkaribia kwenye mita za mwisho na hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, na Walker naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Nyambui, kijana wa miaka 20, alikuwa ndani ya fainali hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti hiyohiyo Walker aliichukua kwa dakika 3 na sekunde 49.4, wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Dunia nzima ya riadha ikawa inasubiri Montreal, ambako wawili hao wangekutana. Hawakukutana. Fainali ya Montreal iliishia kuwa mbio za kuviziana. Mita 800 za kwanza zilichukua zaidi ya dakika 2 na sekunde 3, na Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Walker hakuwa na kosa lolote, wala medali yake haina doa. Hata hivyo yeye pia alipokonywa kitu, yaani nafasi ya kushinda mbio ambazo kila mtu angekubali kuwa zilijibu swali la nani bora.

Hapa ndipo hoja nyingi za kawaida hupotea njia. Husemwa kwamba Tanzania ilipoteza dhahabu Montreal. Hakuna ajuaye hilo. Habari za wakati ule zilieleza kuwa Bayi alisumbuliwa na malaria mwaka huo, na huenda asingemaliza hata kati ya watatu wa kwanza. Nyambui naye angekutana na Lasse Virén wa Finland, aliyeshinda mita 5,000 na 10,000 kwa mara ya pili mfululizo. Kilichotolewa kilikuwa nafasi ya kujaribu, na thamani ya nafasi haipimwi kwa matokeo ambayo hayakutokea. Anayedai malipo ya dhahabu anadai kisichothibitika. Anayesema hakuna kilichopotea kwa kuwa dhahabu haikuwa hakika anakosea zaidi, kwa sababu kwa hesabu yake mkimbiaji yeyote anaweza kunyang'anywa mbio yoyote na asiwe amedhulumiwa.

Njia moja ya kulipima jambo hili ni kuangalia matunda. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kuzuia mahusiano ya kimichezo na Afrika Kusini, na ni vigumu kuamini kwamba wangefika hapo bila mshtuko wa Montreal. Mwaka 1981, timu ya Afrika Kusini ilipozuru New Zealand, maelfu ya raia wa New Zealand wenyewe waliingia barabarani kupinga. Kwa kipimo hiki kususia kulizaa. Lakini kipimo cha matunda kina udhaifu: ubaguzi wa rangi ulikuja kuanguka miaka ya 1990 kwa nguvu za wengi, wakiwemo wananchi wa Afrika Kusini waliokufa wakiupinga, na haiwezekani kutenga fungu la wakimbiaji wachache wa Afrika Mashariki na kusema hili ndilo lililolipia mwaka wao. Kama haki ya kuwanyima mbio ingetegemea ushindi, basi mwaka 1976, ushindi ukiwa bado haujulikani, haki hiyo isingekuwapo.

Njia ya pili inatazama namna mtu alivyotendewa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la wengine, kwa sababu naye ana malengo yake. Neno zito katika fundisho hilo ni «tu». Kila jamii huwatumia watu wake, ikiwatuma vitani, ikiwatoza kodi au ikiwahamishia kazi mbali. Swali ni kama anayetumwa amebaki kuwa mtu machoni pa wanaomtuma. Je, ameelezwa? Ameulizwa? Baada ya kutumwa, anakumbukwa?

Juu ya kuulizwa, dini mbili zenye waumini wengi Tanzania zina kisa kimoja kinachosimuliwa kwa namna mbili, na tofauti yake inafaa kuzingatiwa. Katika Mwanzo, Ibrahimu anamchukua Isaka kwenda kumtoa sadaka bila kumwambia. Mtoto anapoona moto na kuni na kuuliza mwanakondoo yuko wapi, baba anamjibu kwamba Mungu atampata mwenyewe. Katika Kurani, sura ya 37, Ibrahimu anamsimulia mwanawe ndoto aliyoiota na kumtaka maoni yake, na mwana anaridhia. Visa vyote viwili vinaishia kwa mnyama kuchukua nafasi ya kijana. Waumini wa kila upande wana tafsiri zao, na wapo wafasiri wa Biblia wanaoamini kwamba Isaka naye alielewa na kukubali njiani. Kwa suala la hapa inatosha kuona kwamba msimulizi mmoja aliona ni lazima ridhaa ya anayetolewa itajwe, hata pale amri inapotoka kwa Mungu mwenyewe. Serikali haina amri ya daraja hilo. Kama baba wa imani aliona inafaa kuuliza, waziri wa michezo hana udhuru wa kutouliza.

Uamuzi wa 1976 ulikuwa wa serikali. Chama cha riadha, kamati ya Olimpiki na wakimbiaji waliupokea. Bayi alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, na askari hapigi kura juu ya amri. Yawezekana kabisa kwamba kama wakimbiaji wangekusanywa na kuelezwa habari za Soweto, wangejitoa wenyewe kwa moyo mweupe. Dhana hiyo ndiyo inayofanya kutouliza kuwe kosa la kusikitisha zaidi. Kafara ya hiari ingekuwa na uzito mara mbili mbele ya dunia, na ingewaacha wao wakiwa watendaji wa historia, wasiwe tu watu waliozuiwa kusafiri.

Mila za Mara zenyewe zina fikra iliyokomaa juu ya jambo hili. Katika nchi ya Ringwani, wilayani Serengeti, kama ilivyo kwa Wangoreme na Wakurya kwa jumla, nguvu za kijana hazikuwa zake peke yake. Aliingia katika rika lake, na rika lilikuwa na kazi: kulinda mipaka na mifugo, na kuitika mwito wa yowe. Kijana aliyekaa nyumbani yowe likipigwa alijivunjia heshima ya maisha. Kwa mtazamo wa haraka, mila hiyo inaunga mkono taifa moja kwa moja: miguu ya Nyambui ilikuwa ya rika, na rika la 1976 lilikuwa Afrika nzima. Lakini mfumo wa rika ulikuwa na masharti ambayo taifa la kisasa huyasahau. Waliokwenda walikwenda pamoja, na mtoto wa mkubwa hakuachwa nyuma. Utumishi wao ulikuwa na mwisho, maana rika jipya lilipopanda, la zamani liliachiliwa na kupanda daraja la heshima. Na jina la rika lilibaki kuwa kipimo cha miaka, kiasi kwamba hadi leo wazee wa Serengeti magharibi hutaja tukio kwa rika lililokuwa na zamu yake. Jamii ilichukua nguvu za vijana na kuwalipa nafasi ya kudumu katika kumbukumbu yake. Mzigo wa Montreal haukugawanywa hivyo. Mfanyabiashara hakuacha biashara wala mwanasiasa hakuacha cheo kwa sababu ya raga ya New Zealand. Uzito wote uliwaangukia vijana wachache ambao walikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa.

Historia ya michezo ina mfano wa kukataa kwa namna nyingine. Matthias Sindelar, mshambuliaji wa Austria Wien aliyezaliwa 1903, alikuwa moyo wa timu ya taifa ya Austria iliyotamba Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Hugo Meisl na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1934. Wembamba wake ulimpa jina la Mtu wa Karatasi. Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na nafasi ambayo Austria ilikuwa imeshaipata katika Kombe la Dunia la mwaka huo ikafutika. Tarehe 3 Aprili ilichezwa mjini Vienna mechi ya kuagana kati ya timu ya Austria na ya Ujerumani. Austria ilishinda 2–0 na Sindelar akafunga bao. Alipotakiwa kuichezea Ujerumani, alikataa, akitoa sababu za umri na majeraha. Tarehe 23 Januari 1939 alikutwa amekufa chumbani kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, iliyomuua pia mpenzi wake.

Sindelar alitoa kilicho chake. Hakuna serikali iliyomwamuru kukataa. Serikali ilimtaka akubali. Kwa hiyo kukataa kwake kunasomeka kama tendo la mtu mzima mwenye dhamiri, na ndivyo Waaustria walivyokuja kukukumbuka. Lakini mwaka huohuo wa 1938 alinunua mkahawa uliokuwa mali ya Leopold Drill, Myahudi aliyelazimika kuuza kwa sababu ya sheria za Wanazi, na ambaye baadaye alifia katika kambi ya Theresienstadt. Watafiti wanabishana kama bei ilikuwa ya uungwana. Hilo halibadili ukweli kwamba mlango wa biashara hiyo ulifunguliwa na dhuluma. Dhamiri iliyokataa jezi haikukataa mkahawa. Mfano wake unatahadharisha dhidi ya kumfanya mchezaji kuwa mtakatifu kwa tendo moja, na pia dhidi ya kudhani kwamba uamuzi wa mtu binafsi daima ni safi kuliko wa serikali. Tanzania ya 1976 haikuwa na mkahawa wa namna hiyo. Haikuchuma chochote kwa kususia.

Uthabiti wa msimamo wake ulijaribiwa tena mwaka 1980. Marekani, ikipinga Umoja wa Kisovieti kuivamia Afghanistan, ilitaka mataifa yasiende Moscow, na Rais Jimmy Carter akamtuma Muhammad Ali barani Afrika kushawishi. Ali alitua Dar es Salaam mwezi Februari. Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari walimuuliza bondia huyo kwa nini Afrika isusie kwa ajili ya Afghanistan wakati Marekani haikususia kwa ajili ya Soweto, naye akaonekana wazi kutikiswa na swali hilo. Kenya ilikubali ombi la Marekani. Tanzania ikaenda Moscow. Wapo waliouona msimamo wa Tanzania kama upendeleo kwa Umoja wa Kisovieti. Maelezo yenye haki zaidi ni kwamba nchi iliyokwisha kuwalipisha wanariadha wake mara moja kwa jambo la bara lake ilikuwa na wajibu wa kutowalipisha tena kwa ugomvi wa wakubwa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika maisha ya majirani. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikosa Montreal na akakosa Moscow. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata siku moja. John Akii-Bua, aliyeipa Uganda dhahabu yake ya kwanza mwaka 1972 katika mita 400 kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, hakupata kuitetea Montreal alipokuwa bado na nguvu zake.

Watanzania wawili walipata nafasi ya pili. Bayi, ambaye kilele chake cha mita 1,500 kilikuwa kimepita, aliingia katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikimbia Moscow kama alivyokimbia Christchurch, mbele kabisa na kwa pengo kubwa, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia katika mzunguko wa mwisho na kumpita kwenye dimbwi la maji. Bayi alipata medali ya fedha. Siku iliyofuata, tarehe 1 Agosti 1980, Nyambui alimfukuza Miruts Yifter wa Ethiopia hadi utepe wa mita 5,000. Yifter alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui kwa 13:21.60, na Kaarlo Maaninka wa Finland akamfuata kwa 13:22.00. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki hadi michezo ya Paris ya 2024.

Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na Februari 1981 alikimbia mita 5,000 za ndani ya ukumbi mjini New York kwa 13:20.4, muda bora duniani. Alihamia marathoni, akashinda ile ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa na miaka 34 na 35. Baadaye akawa kocha, kisha katibu mkuu wa chama cha riadha nchini. Bayi alianzisha shule, akawa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Njia za wawili hao baada ya kustaafu zinaonyesha deni la 1976 lilivyo na jinsi lilivyolipwa. Taifa lilikuwa na haki ya kukataa bendera yake isipepee Montreal. Hakuna mkimbiaji anayemiliki bendera. Kwa haki hiyo lilichukua kitu ambacho halikukimiliki, na anayechukua kisicho chake kwa sababu njema anabaki kuwa mdaiwa. Malipo yanayolingana na deni hilo yanajulikana: kuwauliza wanaoguswa kabla ya kuamua, kuandika majina ya waliozuiwa kando ya majina ya walioshinda, na kuwapa vijana wa Majita, Karatu na Ringwani viwanja, makocha na mashindano ambayo yangekuwa urithi wa mwaka uliotolewa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya tatu, katika chama, katika kamati na katika shule, ilifanywa na Nyambui na Bayi, waliokuwa wakidai.